Picha Yetu Kwenye Kadi ya Mfuko



Mwishoni mwa mwaka jana kikundi kimoja cha akina mama washonaji hapa Majengo kilitembelewa na mgeni kutoka Ulaya. Mgeni huyo alipendezwa na mifuko wanayoishona kwa vipande vya vitenge vinavyobaki baada ya kukata magauni, akasema angependa kuiuza kwao, katika maduka yanayojitangaza kuwa yanauza bidhaa za haki. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri kuliko inayopatikana hapa sokoni, nasi tulifurahi pamoja nao. Siku ya tatu akaleta karatasi ya masharti, na Tume ikaombwa kuisoma na kuieleza kwa Kiswahili. Mengi yalikuwa ya kawaida: vipimo vya mfuko, aina ya uzi, tarehe ya kukabidhi mzigo. Sharti moja lilitufanya tusite. Kila mfuko ungefungiwa kadi yenye picha ya mama aliyeushona, jina lake, na maneno machache ya kueleza dhiki aliyokuwa nayo kabla ya kupata kazi hiyo. Kwa ajili ya picha hizo akina mama waliombwa wasivae nguo zao za kanisani bali zile za kushindia, na ikiwezekana wapigwe picha vijijini, mbele ya nyumba za tembe.

Wengi wa akina mama hao wamezaliwa mjini. Wawili wana nyumba za matofali zenye umeme. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote kwa umri, aliuliza kwa upole: "Mgeni wetu, na huyo atakayenunua, picha yake nasi tutaletewa tumwone?" Watu wakacheka, mgeni naye akacheka, lakini swali halikujibiwa. Tumeona yafaa tuliweke mbele yenu katika toleo hili, kwa kuwa halihusu kikundi kimoja tu.

Kwa muda sasa umeenea ulimwenguni mwenendo wa kuanzisha biashara ambazo, pamoja na kutafuta faida, hukusudia kumwinua mtu anayezifanyia kazi. Nyingi kati ya hizo zimechagua mavazi: mifuko, shanga, magauni ya kitenge, viatu vya ngozi. Waanzilishi wake husema kwamba wamechoshwa na ile picha ya Afrika iliyozagaa tangu njaa ya Ethiopia ya 1984 na matamasha makubwa ya muziki ya 1985 ya kuchangia wenye njaa, yaani picha ya mtoto mwenye tumbo lililovimba na bakuli tupu. Wao wanataka nchi zinazoendelea zijulikane kwa kazi ya mikono yao na kwa uzuri wa vitu vyao. Nia hiyo ni njema, wala hatuibezi. Tunachouliza ni kama picha mpya inatofautiana kweli na ile ya zamani, au ni ile ile iliyovikwa kitenge.

Sisi wa Dodoma tuna haki ya pekee ya kuuliza hivyo, maana tumeishi ndani ya picha ya namna hiyo katika nchi yetu wenyewe. Mtanzania wa mkoa mwingine akitajiwa Ugogo, kwa miaka mingi alifikiria ukame, vumbi na ombaomba katika mitaa ya Dar es Salaam. Ni kweli kwamba mvua zetu ni haba na kwamba watu wetu wameonja njaa nyingi. Wazee walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920 iliyoua maelfu na maelfu ya Wagogo. Lakini picha ya njaa haisemi kwamba kabla ya mvua kukatika, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, na vijana walikuwa wamepelekwa kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Mpiga picha huonyesha mwenye njaa peke yake, na anayetazama hudhani kwamba mtu huyo alizaliwa hivyo.

Tena tukirudi nyuma zaidi tunakuta sura tofauti kabisa, na ajabu ni kwamba hiyo nayo ni habari ya nguo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, haikuweza kuvuka Ugogo bila kulipa hongo kwa watemi. Neno hilo wakati ule halikuwa na maana ya rushwa tunayoipigia kelele sasa. Lilikuwa ushuru wa njia na wa maji, kwa sababu katika nchi kavu mwenye kisima ndiye mwenye njia. Ushuru huo ulilipwa hasa kwa nguo: merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, vilivyopimwa kwa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, mikono minane ikafanya doti, na hadi leo mama anayenunua kanga Majengo huomba doti bila kujua kwamba anatumia kipimo cha misafara. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita 1871 walimnung'unikia sana Mgogo. Walimwita mwenye kiburi na mwenye kudai mno. Hawakumwita maskini, maana ndiye aliyekuwa akipanga bei.

Na merikani yenyewe ilikuwa nini? Ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Mwaka 1833 Sultani Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na kwa miongo mitatu hivi nguo ya nchi hiyo ilitawala barabara ya kwetu hata ikaachia lugha yetu jina lake. Mtu wa bara aliifahamu Marekani kwa kitambaa chake kabla ya kuifahamu kwa jambo lingine lolote. Twaomba msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa Marekani na nguo tutakutana nazo tena.

Baada ya Uhuru taifa letu lilijaribu kujivika lenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, Mwatex ikaanza Mwanza, Mutex Musoma, na vingine kadhaa. Watu wa rika letu wanakumbuka vitenge na mashuka yaliyotoka huko, na wanakumbuka pia foleni za madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, siku ambazo shuka jipya lilikuwa habari ya mtaa mzima. Ilipofika katikati ya miaka hiyo milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba ikaingia. Kabla ya hapo nguo zilizokwisha kuvaliwa ziliingia nchini zaidi kama msaada, na makanisa yalikuwa miongoni mwa wagawaji. Hili hatuwezi kulikana. Watu waliziita "kafa Ulaya", wakidhani kwamba mwenyewe amekufa, maana ni nani aliye hai angeliacha koti zima kama lile?

Hatutaki kuwalaumu wanaouza mitumba. Katika soko letu mamia ya familia hula kwa robota inayofunguliwa alfajiri, na mzazi wa kipato kidogo hana namna nyingine ya kumpatia mtoto sweta pale upepo wa Juni na Julai unapoanza kuuma. Wala si kweli kwamba mitumba pekee ndiyo iliyoua viwanda. Umeme wa kukatika, mitambo iliyochakaa, madeni na uongozi mbovu vilifanya sehemu yao. Hata hivyo mtaalamu mmoja wa uchumi, Garth Frazer, alipochunguza suala hili katika utafiti uliochapishwa 2008 alikadiria kwamba nguo hizo zinachangia takriban asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa mavazi barani Afrika kati ya 1981 na 2000. Hiyo si sehemu ndogo.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mjini Arusha kwamba mitumba iondolewe hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017, kikidai kwamba ajira za wanachama wake zimo hatarini, na serikali hiyo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, mpango ulioanzishwa 2000 wa kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Hivyo nchi iliyotuletea merikani sasa ilitutaka tuendelee kupokea walichokwisha kukivaa, na kama tungekataa, tusingeuza kwake kile tunachokishona. Watemi wa Ugogo wangeuelewa mkataba huo vizuri sana, ila wao walizoea kuwa upande wa pili wa meza.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Anayesema kwamba sura ya nchi maskini itabadilika kwa kuonyesha watu wanaotabasamu ndani ya mavazi mazuri, anasahau kwamba sura hiyo haikutokana na uhaba wa tabasamu. Ilitokana na nani anapanga bei, nani anamiliki mashine, nani anaweza kusema hapana. Aprili 2013 jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka nchini Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100. Jina la nchi hiyo lilikuwa limeshonwa kwenye kola za mamilioni ya mashati duniani, likisomwa kila asubuhi, na heshima ya wale wafanyakazi haikuongezeka hata kidogo kwa kusomwa huko.

Wako waliojaribu njia nyingine, na yafaa tujifunze kwao, kwa mafanikio na kwa makosa. Mwaka 2005 mwanamuziki Bono na mkewe Ali Hewson walianzisha kampuni ya mavazi iitwayo Edun kwa shabaha ya kufanya biashara na Afrika badala ya kuipa sadaka. Haikupita miaka mingi, sehemu kubwa ya nguo zake ikawa inashonwa China, kwa kuwa mizigo ilichelewa na ushonaji haukulingana. Wapo waliowacheka. Sisi tunaona walau walikutana na ukweli ambao hotuba hauzungumzi: fundi asiye na umeme wa uhakika, asiye na vifungo wala zipu zinazotengenezwa nchini mwake, hawezi kutimiza tarehe hata akiwa hodari namna gani. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja alitangaza kukusanya fulana milioni moja azilete Afrika. Waafrika wengi walimwandikia kumkanya, na mpango ukaachwa. Alikuwa na moyo mzuri. Hakuwa ameuliza mtu.

Karibu zaidi na sisi, huko Iringa, Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, ikianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye yakaja ufumaji, ushonaji, shanga, na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huagiza chakula kwa ishara au kwa kuandika. Watalii hununua, na fedha zao ni za lazima. Lakini linalotugusa ni kwamba macho yaliyokusudiwa kwanza hayakuwa ya Ulaya. Yalikuwa macho ya watu wa Iringa, ambao wengi wao waliona mlemavu kuwa mzigo au laana, na ambao sasa hukaa mezani na kuhudumiwa na kijana yule yule waliyemwonea huruma. Katika wilaya ya Meatu, kule kwenye pamba, mradi wa bioRe ulianza 1994 pamoja na kampuni ya Uswisi inayonunua pamba iliyolimwa bila dawa za viwandani. Mkulima huko huhakikishiwa mnunuzi kabla ya kupanda na huongezewa kitu juu ya bei ya soko. Hakuna uzuri wa kupiga picha katika jambo hilo. Ni karatasi ya mkataba tu, na kwa mkulima aliyezoea kusubiri mizani bila kujua bei, karatasi hiyo ni kitu kikubwa.

Tunaheshimu pia kazi ya wabunifu wetu wenyewe. Mustafa Hassanali, ambaye alisomea udaktari kabla ya kushika mkasi, alianzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, na kwa njia hiyo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipata jukwaa la kuonyesha kazi zao wakiwa wabunifu, si wahitaji. Hata kabla yake Mgogo mwenzetu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alipiga zeze na ilimba katika majukwaa ya Ulaya, na watu walinyamaza wakamsikiliza bila kuelezwa kwanza kwamba kwao kuna njaa.

Lakini, ndugu wasomaji, tusiwaangalie wageni tu. Tuliokuwa katika kamati ya jubilei moja, parokia tusiyoitaja, tunakumbuka jinsi tulivyoagiza kitenge cha sare. Kilichapwa nje ya nchi, tukakilipia chote kabla hakijapanda meli, na kilipofika jina la mtakatifu msimamizi lilikuwa na kosa la herufi moja, ambalo tulilivaa kwa furaha mwaka mzima. Kazi ya kushona tuliwapa mafundi wa hapa Majengo. Hao tuliwaomba wapunguze bei kwa kuwa ni kazi ya kanisa. Baadhi yao walimaliziwa fedha zao baada ya miezi minne. Kwaya zetu nyingi hununua sare zilizo tayari kutoka Kariakoo, na kijana anayevaa shati lililoshonwa mtaani huambiwa kwa dhihaka kwamba amevaa "la fundi", kana kwamba mashati mengine yaliota juu ya miti. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, mahitaji ya suti, sare na mapazia yameongezeka. Mafundi wanaweza kutuambia ni kiasi gani cha kazi hiyo kimewafikia. Kama sisi majirani hatumwoni fundi kuwa mtu wa kulipwa kwa wakati, ni vigumu kumdai mnunuzi wa ng'ambo amwone hivyo.

Turudi kwa kikundi chetu. Mjadala ulichukua jioni tatu, na haukuwa rahisi. Walikuwapo waliosema picha si kitu, watoto wanadaiwa michango ya shule, apigwe atakayekubali, tena hata ndani ya tembe kama mzungu anapenda tembe. Hoja hiyo hatukuidharau. Mwenye shida hachagui sana, na sisi wa Tume hatukuwa wenye kulala na njaa endapo oda ingekosekana. Wengine walisema wazi kwamba wangeona haya mbele ya wakwe na watoto wao siku kadi hiyo ingerudi Dodoma kwa njia ya simu, na siku hizi kila kitu hurudi. Mama yule aliyeuliza swali la picha aliongeza jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. Alisema kwamba mnunuzi akinunua kwa kuhurumia, hatarudi kununua mara ya pili, kwa sababu huruma yake imekwisha kulipwa. Bali akinunua kwa kuwa mfuko haufumuki, atarudi.

Mwishowe waliandika barua, nasi tukasaidia kuiweka katika Kiingereza. Wamekubali vipimo, uzi na tarehe. Wamekubali kadi, ila iwe na jina la kikundi, jina la Majengo, Dodoma, na maelezo ya jinsi mfuko ulivyotengenezwa. Atakayetaka kupigwa picha atapigwa akiwa kwenye cherehani yake, kwa nguo atakayoichagua mwenyewe, na ataiona picha hiyo kabla haijachapwa. Wameomba nusu ya malipo itangulie, maana kitenge hakikopeshwi, na wameomba kuambiwa mfuko utauzwa kwa bei gani huko unakokwenda. Ombi hili la mwisho lilibishaniwa kuliko yote, na wengine walihofu kwamba ni kiburi.

Barua imekwisha kupelekwa. Hadi tunapokwenda mitamboni jibu lilikuwa halijafika. Akina mama wanaendelea na sare za shule, na wanapokea oda za kwaya kwa yeyote ambaye kamati yake iko tayari kulipa siku ya kuchukua mzigo.